Je, wajua? Kwa nini marubani wa 1915 hawakukata propela zao kwa risasi

Nilishabishana kijiweni hadi sauti ikakauka kwamba kwenye ndege za Vita Kuu ya Kwanza bombomu lilikuwa linamimina risasi mfululizo, halafu kuna kidude kinalizuia kila panga la propela likipita mbele ya mtutu, kama geti la reli vile. Kumbe ni kinyume kabisa! Propela ndiyo inayofyatua. Rubani akibana kifyatulio anaunganisha mtambo tu, basi. Kuna nundu kwenye chuma kinachozungushwa na injini, ile nundu inasukuma fimbo, fimbo inafyatua bombomu, na imepangwa kugonga panga likiwa limeshapita.

Chukua cherehani ya bibi. Yale meno ya chini yanasogeza kitambaa sindano ikiwa juu tu, na hakuna mtu anayeivizia sindano, ni vile vyote viwili vinaendeshwa na gurudumu moja. Sasa propela ya mapanga mawili ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, panga linapita mbele ya mtutu mara 40 kwa sekunde, na bombomu la enzi hizo halikufika hata risasi 10 kwa sekunde. Kwa hiyo mara nyingi nundu inagonga silaha bado haijajipanga, zamu inapita, inasubiri mzunguko mwingine, rubani wala hajui.

Kabla ya hapo rubani Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye mapanga ili risasi ikigonga iteleze pembeni (ndiyo, hilo ndilo lilikuwa suluhisho), na akaangusha ndege kweli. Aprili 1915 akalazimika kutua upande wa Wajerumani, ndege ikakamatwa. Anthony Fokker, Mholanzi aliyekuwa anawaundia Wajerumani ndege, akaja na mtambo wa nundu, na kuanzia Julai ndege zake aina ya Eindecker zikawatesa Waingereza na Wafaransa. Ile stori kwamba alibuni kwa siku mbili tatu naona imetiwa chumvi, maana mhandisi wa ndege Franz Schneider alikuwa na hataza ya wazo kama hilo tangu 1913.

Na cherehani ikipoteza majira, sindano inavunjika. Mwishoni mwa Mei 1916 Max Immelmann, rubani nyota wa Eindecker, alijikatia propela mwenyewe angani akatua injini imezimwa. Wiki chache baadaye akaanguka akafa: Waingereza wakasema ni risasi zao, Wajerumani wakaulaumu mtambo.