Klima ya gari hula esansi kwa saa, si kwa kilomita

Mwezi wa tisa na wa kumi, joto la Lubumbashi linapopita nyuzi 30, mashofere huuliza: klima, yaani mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, inakula esansi kiasi gani? Wengi huhesabu kwa kilomita, na hapo ndipo hesabu inapowapotea.

Klima haina motere yake. Kompresere yake, yaani pampu inayokandamiza gesi ya kupozea, huzungushwa na mkanda wa motere ya gari, na katika gari dogo hudai kama kilowati 2, mara nyingine zaidi. Hiyo ni nusu lita hadi lita moja ya esansi kila saa, gari liwe linakimbia au limesimama. Safari ya Likasi, kilomita 120 hivi kwa saa moja na nusu, itakugharimu lita moja hivi ya ziada. Saa moja na nusu ileile ukiimaliza katika msongamano wa mjini, umetembea kilomita 25 tu, na esansi iliyokwenda ni ileile. Kwa hiyo mwendo wa polepole fungua vioo. Ukipita kilomita 80 kwa saa, vifunge uwashe klima, maana upepo unaoingia huzuia gari.

Nguvu nayo hupungua. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na motere isiyo na turbo imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Ukitaka kulipita lori la shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa na gari lako ni dogo, zima klima kwanza.

Lakini hasara kubwa tunayoikuta ni vumbi. Kondansere, yaani sehemu inayotoa joto la gesi, hukaa mbele ya radiatere. Kiangazi kikiisha, vumbi jekundu na wadudu huwa wameziba mapezi yake, vile vibati vyembamba. Joto halitoki, shinikizo la gesi hupanda, kompresere inakuwa nzito, na hewa ya moto inaingia radiatere. Mshale wa joto ukipanda kila unapowasha klima, anzia hapo. Osha kondansere wakati motere imepoa, kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu; pampu ya kuoshea magari hupinda mapezi. Kisha washa klima uone kama vantilatere inazunguka.

Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mafuta ya kompresere hutoka nayo. Usikubali kuongezewa kwa kukisia: gesi ikizidi, kompresere hulemewa zaidi. Fundi azibe tundu, avute hewa yote kwa pampu dakika 30, kisha apime gesi kwa mizani. Magari mengi madogo yanayotumia gesi aina ya R134a huchukua gramu 500 hivi. Kipimo halisi kiko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti.

Mwezi wa sita na wa saba, hata kama kuna baridi, washa klima dakika 10 kila wiki, ili mafuta yafike kwenye mipira inayozuia gesi isivuje, nayo isikauke.