Ooty: Panda kwa Treni, Usome Mlima

Watu wengi wa kwetu wanaofika kusini mwa India hufika kwa shughuli maalumu: kumsindikiza mgonjwa Chennai, Vellore au Coimbatore, au kumwona mtoto anayesoma Bengaluru. Zikipatikana siku mbili tatu za kupumua, naulizwa swali lile lile: twende wapi penye hewa nzuri? Mimi huwaelekeza Ooty, mji wa milimani ambao jina lake rasmi ni Udhagamandalam, kwenye milima ya Nilgiri katika jimbo la Tamil Nadu.

Kazi yangu ni misitu ya milimani, na Ooty nitaieleza hivyo. Wageni wengi hupanda boti ziwani, hununua chokoleti za kutengenezwa mjini hapo, hupiga picha na kushuka. Ziwa ni zuri, sikatai, lakini lilichimbwa kwa amri ya John Sullivan, mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Coimbatore, mwaka 1824. Mlima wenyewe ulikuwapo kabla yake, na huo ndio ninaotaka uuone.

Anza kwa kukataa teksi. Kutoka Coimbatore nenda Mettupalayam, mji ulio chini kabisa ya mlima, ambako treni ndogo huondoka saa moja na dakika kadhaa asubuhi. Mettupalayam ipo mita 330 hivi kutoka usawa wa bahari, na Ooty ipo mita 2,200 na ushee, juu kuliko Nairobi. Reli inayoziunganisha ina urefu wa kilomita 46 tu, lakini kupanda huchukua karibu saa tano. Ilifika Coonoor, mji ulio njiani, mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na mwaka 2005 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Sehemu ya kati ya vituo vya Kallar na Coonoor ndiyo ya kukaa macho. Pale penye mwinuko mkali kabisa, kila ukisogea mita 12 umepanda mita moja. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma haliwezi mwinuko huo, lingeteleza. Ndiyo maana katikati ya njia zimelazwa pau mbili za chuma zenye meno, na chini ya injini kuna magurudumu ya meno yanayonasa humo. Treni ikisimama kituoni, ziangalie pau hizo kwa makini. Meno yake hayakulingana: jino la pau moja linatazamana na pengo la pau ya pili. Kwa hiyo jino moja likiachia, jingine limeshashika, na treni haikosi mahali pa kujizuia hata sekunde moja.

Injini ni ya mvuke na hukaa nyuma, upande wa bondeni, ikisukuma mabehewa. Mvuke wenyewe hufanya kazi mara mbili. Ukiwa bado na nguvu nyingi husukuma magurudumu ya kawaida, kisha mvuke huohuo huhamia kwenye silinda nyingine na kuzungusha yale ya meno. Kwenye kibaraza cha behewa utamwona mtu wa breki, bendera mkononi. Watalii wanapiga picha moshi, yeye macho yake yako kwenye njia. Kwenye kituo cha Hillgrove treni husimama ili injini inywe maji, abiria nao hushuka kunywa chai. Angalia vitafunwa vyako, tumbili wa pale hawana haya.

Mwendo huo wa polepole ndio unaokupa nafasi ya kuusoma mlima. Kallar utaona mipopoo imesimama safu kwa safu, myembamba na mirefu, na mtu wa Unguja au Mombasa hahitaji kuambiwa tambuu inaanzia wapi. Juu kidogo ni mianzi na msitu mnene wa joto. Kisha hewa inabadilika, unavuta sweta, na mashamba ya chai yanaanza kufunika miteremko kuelekea Coonoor. Kutoka Coonoor injini ya dizeli hupokea kazi, na sasa madirishani ni mikaratusi.

Hapa nina neno la kusema. Ile mikaratusi inayonukia vizuri, ambayo mafuta yake yanauzwa kwenye chupa ndogo kila duka, si miti ya huko. Ililetwa kutoka Australia katika karne ya 19 kwa ajili ya kuni na mbao, na miwati ikafuata kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Mtu wa Lushoto, Njombe au Eldoret anaijua yote miwili, maana kwetu pia ilipandwa kwa sababu zizo hizo. Mgeni akiona kijani kila upande husema msitu umehifadhiwa. Sehemu kubwa ya kijani hicho imekalia mahali palipokuwa na nyasi.

Sura ya asili ya Nilgiri ya juu ni nyasi na shola. Shola ni msitu mfupi uliojificha kwenye mikunjo ya mabonde, penye maji, na kandokando yake ni nyasi tupu hadi kileleni. Miti yake ina vichwa vya mviringo vilivyobanana, mashina yamevaa kuvu na okidi, na majani machanga mara nyingi hutoka mekundu kabla ya kuwa kijani. Baadhi yake ni ndugu wa karibu wa mzambarau. Usiku wa Desemba na Januari jalidi huanguka kwenye nyasi na kuua miche mingi inayojaribu kuota nje ya kivuli, na hiyo ni sababu moja inayofanya msitu ubaki bondeni. Mvua inayonywewa na nyasi na shola hutoka polepole, mwaka mzima, kuingia mito ya Bhavani na Moyar, ambayo maji yake huishia kwenye mto Kaveri. Mashamba ya tambarare yaliyo mbali kabisa na hapa yanategemea nyasi hizi ambazo watu walidhani ni ardhi isiyo na kazi.

Ili uone shola bila kwenda mbali, nenda Doddabetta, kilele cha mita 2,637, kilomita chache kutoka mjini. Nenda asubuhi, kwani mchana ukungu hufunga kila kitu. Ukipata siku nzima, chukua njia ya Pykara, ambako kuna bwawa, maporomoko na nyasi zilizo wazi.

Wenye mlima ni Watoda, wafugaji wa nyati wa maziwa. Maziwa kwao ni ibada: nyumba takatifu ya maziwa ina kuhani wake, na mgeni haingii. Nyumba yao ya jadi ina paa la nyasi lililopinda hadi chini, na mlango mdogo kiasi cha kuingia kwa kutambaa. Kipo kijiji chao juu ya Bustani ya Mimea, ile iliyoanza mwaka 1848, kwa hiyo unaweza kuunganisha ziara zote mbili. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ni makazi ya watu. Na kama una fedha ya kununua zawadi moja tu, nunua shali ya Kitoda: kitambaa cheupe cha pamba kilichotariziwa kwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Wanawake huhesabu nyuzi kwa macho, bila kuchora kwanza, na kazi hutoka safi kiasi kwamba ni vigumu kujua upande upi ni wa nje.

Kiwanda cha chai kinatosha nusu saa, na anayetoka Kericho au Mufindi anaweza kukiruka.

Sasa ya maandalizi. Tiketi ya treni ikate mapema sana, nafasi ni chache na Wahindi wenyewe wanazigombea. Aprili na Mei mji hujaa kupita kiasi. Oktoba na Novemba mvua kubwa huleta maporomoko ya udongo na reli hufungwa mara kwa mara, hivyo mimi napendelea Januari hadi Machi, kwa sharti la koti zito usiku. Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku wilaya nzima, beba yako ya chuma. Tangu Mei 2024 magari yanayoingia kutoka nje ya wilaya yanahitaji kibali kinachoombwa kwenye intaneti. Abiria wa treni na basi la umma hawahusiki. Mgonjwa wa moyo au kifua amuulize daktari wake kuhusu mwinuko kabla ya kupanda. Na ukitaka kushuka upande wa Mysuru kupitia hifadhi za Mudumalai na Bandipur, ondoka asubuhi, kwa sababu barabara ya Bandipur hufungwa usiku ili wanyama wapite.