Rubondo: sokwe waliohamia na nzohe mwenyeji

Nikitaja Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, kwa watu wa Dar es Salaam, swali linalokuja kwanza ni la sokwe. Nawaelewa, na tena habari ya sokwe hao imepitia mjini kwetu. Mwaka 1966 kundi la kwanza liliteremshwa kwenye bandari ya Dar es Salaam likitoka Ulaya kwa meli, likasafirishwa bara mpaka Ziwa Victoria. Hadi 1969 sokwe 17 walikuwa wameachiwa kisiwani. Mwenye mpango huo alikuwa Bernhard Grzimek, Mjerumani yule yule aliyehangaikia Serengeti.

Wengi wao asili yao ilikuwa misitu ya Afrika Magharibi. Walikamatwa wangali wadogo, wakakulia kwenye vizimba vya bustani za wanyama na vya sarakasi. Hakuna aliyewafundisha maisha ya msituni. Walifunguliwa wakajitafutia matunda, wakajifunza kukunja matawi na kujitengenezea viota vya kulalia. Madume wawili, kwa kuwa hawakuwaogopa watu, walishambulia na ikabidi wapigwe risasi. Waliobaki wakazaana, na watoto wao waliozaliwa pale wakawa sokwe wa msituni kweli, wanaomkimbia binadamu. Ndiyo maana watafiti wamelazimika kuwazoesha sokwe hao kwa watu polepole, kwa kukaa mbali na kuvaa barakoa, kwani mafua yetu kwao ni hatari kubwa.

Kilichofanya Rubondo ichaguliwe ni maji. Kisiwa kina ukubwa wa kama kilomita za mraba 240, sehemu kubwa ni msitu, na hakina simba wala chui. Sokwe haogelei, kwa hiyo ziwa lenyewe ndilo uzio. Mahali hapa palikuwa pori la akiba tangu 1965, pakawa hifadhi ya taifa 1977. Twiga, tembo na mbega weupe nao waliletwa. Mwaka 2000 wakaongezwa kasuku wa kijivu waliokamatwa kwenye biashara haramu. Vifaru weusi waliletwa pia, lakini majangili waliwamaliza. Maji hayamzuii mtu mwenye mtumbwi na bunduki.

Mimi moyo wangu uko kwa wenyeji, na wa kwanza ni nzohe. Huyu ni swala, jamaa wa pongo, ila ameumbwa kwa ajili ya matope. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, kwa hiyo anapita juu ya mafunjo yaliyolala ambapo mnyama mwingine angezama. Ukiona alama yake kwenye tope la ufukweni hutaichanganya na ya pongo: ni mistari miwili mirefu iliyoachana mbele, kama mtu aliyebonyeza vidole viwili. Manyoya yake yana mafuta yanayosukuma maji, na akitishwa huingia majini akabakiza pua tu juu. Kwingineko hujificha kwenye matete siku nzima. Rubondo, kwa kuwa hakuna chui wa kumvizia, hutoka akaingia mpaka ndani ya msitu, na hilo kwangu linafundisha zaidi kuliko jambo lolote lililoletwa kwa meli: ondoa mwindaji, na mnyama yule yule anabadilisha makazi yake.

Mwingine ni fisi maji mwenye madoa shingoni. Anawinda kwa macho, kwa hiyo anahitaji maji maangavu na mawe ya kupumzikia. Mara nyingi utakuta kinyesi chake kabla hujamwona mwenyewe: kimekauka juu ya jiwe, na ukikivunja kwa kijiti kinatoa magamba ya samaki na vipande vya maganda ya kaa. Juu yake, mitini, ni furukombe, tai wala samaki, ambao Rubondo wamejaa hasa. Asubuhi milio yao huitikiana ghuba kwa ghuba.

Kuna mgeni mwingine ambaye watu hawamhesabu. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Aliwala furu, samaki wadogo wa aina mamia ambao ziwa hilo lilikuwa nao peke yake, na aina nyingi hazijaonekana tena. Sokwe 17 walizuiliwa na ufuo wa kisiwa kimoja. Sangara hakuzuiliwa na chochote. Kwa hiyo mtu akiniletea pendekezo la kuhamisha mnyama, swali langu la kwanza ni wapi ataishia, na nani atamzuia.

Eneo la maji la hifadhi ni karibu sawa na la nchi kavu, na humo uvuvi wa nyavu ni marufuku. Ghuba zenye matete ni mazalia ya sato. Wakikua huogelea nje ya mpaka, wakavuliwa na wavuvi wa Geita na Kagera. Baadhi hufika huku sokoni kwetu kwenye barafu.

Ukitaka kwenda, panda ndege hadi Mwanza, shika barabara ya Geita mpaka Nkome, kisha boti ya hifadhi. Ukifika, kabla ya kuuliza sokwe wako wapi, omba upelekwe na boti alfajiri kando ya mafunjo, injini ikiwa imezimwa.