Kura ya "mamlaka ya uendelezaji upya" Georgia: watu wengi hudhani wanapigia kura mradi

Katika jimbo la Georgia, Marekani, jiji haliwezi kutumia mamlaka ya kuendeleza upya maeneo yaliyochakaa mpaka wakazi wake waridhie. Ndivyo sheria ya mwaka 1985 inavyotaka: Bunge la jimbo linapitisha sheria inayolihusu jiji hilo, kisha wananchi wanaipigia kura. Ndugu zetu wanaoishi viunga vya Atlanta na wameshapata uraia wanaweza kukutana na swali hili, na mengi yanayosemwa juu yake si kweli.

"Tunachagua mradi." Hapana. Karatasi haitaji mtaa, jengo wala mwekezaji. Inauliza tu kama jiji liruhusiwe kutumia mamlaka yaliyomo kwenye sheria hiyo, na mara nyingi huongezwa maneno "kama itakavyorekebishwa mara kwa mara". Hayo ndiyo ya kusoma mara mbili, maana Bunge likiipanua sheria kesho, "ndiyo" yako ya leo inakwenda nayo. Baada ya hapo kila eneo maalumu la kodi, yaani sehemu ya jiji ambayo ongezeko la kodi ya mali zake hutumika kuiendeleza, huundwa na madiwani kwa azimio, baada ya kikao cha hadhara. Atlanta iliunda la Atlantic Station mwaka 1999, palipokuwa na kiwanda cha chuma, na la BeltLine mwaka 2005, kugharamia njia ya maili 22 kulizunguka jiji. Kwa maoni yangu, kikao hicho cha hadhara, ambacho wengi hawaendi, kina uzito kuliko siku ya kura yenyewe.

"Ni kodi mpya." Kura hii haipandishi kiwango cha kodi. Siku eneo linapoundwa, thamani ya mali zake inagandishwa kwenye hesabu za jiji, iwe msingi wa kupimia ongezeko. Tuseme ni dola milioni 100. Ikifika 160, kodi ya zile milioni 60 za nyongeza haiendi kwenye mfuko wa kawaida, inalipia hati fungani (mikopo iliyochukuliwa kwa ajili ya eneo) na miundombinu ya eneo hilo. Lakini nyumba yako ikithaminiwa juu, bili yako itapanda hata kiwango kikibaki kilekile. Hapo wanaopinga wana hoja.

"Hela za shule haziguswi." Februari 2008 Mahakama ya Juu Kabisa ya Georgia ilikataza kweli kodi ya shule kutumika kwa uendelezaji huu, katika kesi iliyohusu BeltLine. Novemba mwaka huohuo wapiga kura wa jimbo zima wakabadili katiba. Sasa zinaweza kutumika, bodi ya shule ikikubali.

"Watatunyang'anya nyumba." Tangu 2006, kutwaa mali kwa ajili ya uendelezaji upya lazima kupigiwe kura na viongozi waliochaguliwa, na faida ya kiuchumi peke yake haitoshi kuwa sababu. Mpangaji ndiye mwenye haki ya kuwa na wasiwasi: kodi ya pango ikipanda, hakuna anayemlipa fidia.

"Watageuza jiji zima." Sheria ina kikomo: maeneo hayo yote kwa pamoja yasizidi asilimia 10 ya thamani ya mali inayotozwa kodi jijini.