Fungu la mchanga siyo ardhi, ni mchanga ulioko safarini

Kuna maneno watu wanayasema kuhusu mafungu ya mchanga ya pwani, tuyapitie moja moja. Kwanza hii ya "mchanga unapanda na wimbi unashuka na wimbi, unabaki palepale". Siyo kweli. Mara nyingi wimbi linakuja kwa mshazari, linapanda ufukweni kiupandeupande halafu maji yanateremka yamenyooka, kwa hiyo punje haishukii pale ilipopandia, imesogea kidogo, wimbi lingine linaisogeza tena, na mawimbi ni maelfu kwa siku sasa piga hesabu mwenyewe. Pwani ikikata kona mchanga haukati, unanyoosha mbele, unarundikana, unatoka kama ulimi, ndo fungu lenyewe hilo. Ulimi ukikaribia kuziba ghuba, maji ya nyuma yanabaki yamefungiwa, ndo lagoni hiyo. Ule wa Curonian, kati ya Lithuania na Urusi, una kama kilomita 98!

"Lagoni ni maji ya chumvi tu." Inategemea. Mto ukimwaga sana yanakaribia kukosa chumvi kabisa, mto ukikauka na jua likapiga yanaweza kuzidi bahari kwa chumvi.

"Dhoruba imekula ufuko, mchanga umeisha." Mwingi umevutwa tu hapo mbele, umejilaza chini ya maji na unayavunja mawimbi makubwa kabla hayajafika, bahari ikitulia unarudi taratibu. Mwingine unarushwa juu ya fungu ukaangukia upande wa lagoni, na hapo ndo fungu zima linajisogeza kuelekea bara. Kule Cape Hatteras, Marekani, bahari ilivyozidi kusogea ilibidi mwaka 1999 wauhamishe mnara wa taa mzima mzima, karibu mita 880. Matofali yote yale!

Ila inayoniumiza kichwa ni hii ya "tuboe kamfereji kadogo maji yatoke, katajifunga kenyewe". Oktoba 2003, Saint-Louis ya Senegal ilikuwa inazama kwa mafuriko ya mto, wakakata fungu la Langue de Barbarie, mfereji wa mita 4 tu. Maji mjini yalishuka kweli, tusiwanyime haki yao. Lakini maji yakipita mahali pembamba yanakimbia, yakikimbia yanakula kingo, na bahari nayo inaingia na kutoka kila maji yanapojaa na kupwa, basi ndani ya siku chache mfereji ukawa makumi ya mita, baadaye ukavuka kilomita. Kijiji cha Doun Baba Dièye, ambacho fungu lilikuwa linakikinga, kikabaki kinatazamana na bahari uso kwa uso, na bahari ikakimeza.