Ukoka wa njano, urea, na kipimo cha udongo

Ukoka umegeuka njano, fundi wa bustani anasema, "Bosi, hapa ni urea tu," na mfuko wa mbolea hiyo unanunuliwa siku hiyohiyo. Mwenye nyumba mwingine anasema subiri, tupime udongo kwanza tujue naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye urea, imepungua kiasi gani. Wote wana nia njema, lakini kila mmoja ana jambo linalompita.

Dhana: Kipimo cha udongo kitaonyesha kiasi cha naitrojeni cha kuweka.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Naitrojeni inayofyonzwa zaidi na mizizi ni ile iliyo katika umbo la naitreti, na naitreti haishikwi na udongo. Kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbezi Beach, Dar es Salaam, mvua moja nzito ya masika inatosha kuishusha chini kuliko mizizi inavyofika. Sampuli ya Jumatatu haielezi tena hali ya Ijumaa. Ndiyo maana naitrojeni ya nyasi hupangwa kwa kuangalia aina ya nyasi, msimu, na kasi ya kukua. Ukoka unaopigwa jua kutwa unakula sana. Nyasi za majani mapana za kivulini zinataka kidogo.

Kwa mchanga wetu mimi hushauri gramu 250 za naitrojeni kwa mita 100 za mraba kwa mara moja. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni kama gramu 550 za urea. Rudia baada ya wiki kadhaa nyasi zikiwa zinakua. Ukimwaga kilo tatu kwa mkupuo, utaunguza majani, na kinachobaki kitaondoka na maji. Imwagilie maji papo hapo pia, kwa sababu urea iliyoachwa juu ya ardhi yenye joto hupotea hewani.

Dhana: Basi kupima udongo ni kupoteza hela.

Hapana, kipimo kina kazi kubwa. Kinakuambia pH (kiwango cha tindikali au alikali ya udongo), fosforasi, potasiamu na chumvi, vitu ambavyo macho hayawezi kuvisoma. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 10, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, kisha peleka kama nusu kilo. Maabara za udongo zipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga.

Dhana: Njano ni njaa ya naitrojeni.

Mara nyingi ndiyo, ila tazama jani lenyewe. Naitrojeni ikipungua, majani ya zamani ya chini ndiyo hutangulia kupauka. Majani machanga yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, shuku upungufu wa chuma. Hili hutokea udongo ukiwa na pH ya juu, kama pale Masaki kwenye mawe ya matumbawe. Hapo urea haitasaidia. Nyunyizia salfeti ya chuma, na ukae mbali na vigae, maana madoa yake ya kutu hayatoki kirahisi. Anayemwagilia maji ya kisima karibu na bahari aulizie na chumvi pia.

Dhana: Majani yaliyofyekwa lazima yazolewe.

Yaache. Yakiwa mafupi huoza haraka na kurudisha hadi robo ya naitrojeni inayohitajika kwa mwaka. Zoa tu pale yalipolala kwa mafungu mazito yanayofunika nyasi zilizo chini.