Hapana, watu maarufu hawafi watatu watatu

Kila akifariki msanii ama kiongozi tunayempenda, magrupu ya hapa Lamu hurudisha meseji ileile: ati watu wakubwa hufa watatu watatu, wawili washaenda, ngojeni wa tatu. Bibi yangu huamini kabisa, hukaa na tasbihi yake kando ya redio, vidole viwili kakunja, roho juu.

Jamani, si kweli. Duniani hufa watu zaidi ya 150,000 kila siku na maarufu hawakosekani humo. Tatizo ni vile tunavyohesabu, tukishapata wawili tunamtafuta wa tatu, tukimkosa wiki hii tunangoja hata mwezi, akikosekana Kenya tunamchukua wa Tanzania ama Marekani, akitokea wa nne tunaanza upya. Hesabu kama hiyo itakosaje kutimia?

Jaribu mwenyewe. Andika kwenye daftari, mapema, utamhesabu nani na ndani ya siku ngapi, halafu weka tarehe za vifo mwaka mzima, utaona mmoja peke yake, mara wawili, mara watano, mara kimya.

Naelewa mbona tunaishika imani hii. Sauti uliyoisikia tangu utotoni ikizimika unakumbuka na wewe una siku yako, na hiyo tatu inakuwa kama ratiba. Na kwetu matanga pia ni siku tatu, basi nambari ishazoeleka.

Lakini kuna mgonjwa anaisoma meseji hiyo akiwa kitandani, kuna watoto wa mzee anayejulikana wamo grupu hilohilo. Ikikufikia usiiforwadi tafadhali, muombee marehemu na uwape pole wenyewe.